Pete za mninga: umri wa mti, mvua za zamani, na kinachopotosha hesabu

*"Mimi ni mkulima wa tumbaku na mfugaji nyuki wilayani Sikonge, Tabora. Msimu wa mvua uliopita upepo uliangusha mninga mkubwa mpakani mwa shamba letu. Tulipoukata kwa msumeno niliona pete nyingi kwenye kisiki. Upande mmoja nilihesabu 71, upande wa pili 66. Kipenyo ni kama sentimita 40. Babu anasema walipohamia hapa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, mti huo ulikuwa tayari una kivuli cha kupumzikia. Pete za karibu na kiini ni pana, za karibu na gome ni nyembamba sana, nami naona huo ni ushahidi kwamba mvua zimepungua. Lakini mwalimu mmoja ameniambia miti ya Afrika haina pete za mwaka kwa sababu hatuna majira ya baridi kali, kwa hiyo nahesabu kitu ambacho hakipo. Nani yuko sahihi? Na je, naweza kutoboa mininga iliyobaki nijue historia ya mvua za hapa bila kuidhuru?"*

Ndugu yangu, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umehesabu pande mbili. Tofauti uliyoipata kati ya 71 na 66 ina mafunzo mengi kuliko hesabu yenyewe, na nitaifikia. Kwanza nikutoe wasiwasi. Pete ulizoziona zipo kweli, na kwa mninga unaoota Sikonge, nyingi kati yake ni za mwaka mmoja mmoja. Mahali ninapokuomba usimame kidogo ni pale unapotoka kwenye wembamba wa pete za nje ukaenda moja kwa moja kwenye kupungua kwa mvua. Hapo kuna mtego ambao hata watafiti waliosomea kazi hii hulazimika kuukwepa kila siku.

Nianze na hoja ya mwalimu, maana ameisikia mahali na haikutoka hewani. Mti hunenepa kwa kazi ya kambiamu, utando mwembamba sana wa seli hai ulio katikati ya gome na mti wenyewe. Seli zake hugawanyika, na zile zinazobaki upande wa ndani hugeuka kuwa mbao. Ili pete ionekane, kambiamu lazima ipumzike kwa muda, kisha ianze tena. Ulaya na Amerika ya Kaskazini kinachoipumzisha ni baridi, na kwa kuwa elimu hii ilikulia huko, vitabu vya shule viliandika baridi kana kwamba ndiyo sababu pekee. Sivyo. Kiu nayo hupumzisha mti.

Wewe unakijua kiangazi cha Tabora kuliko mimi. Mvua huanza karibu na Novemba na kuishia Aprili, halafu miezi ya katikati hupita karibu bila tone. Mninga hupukutisha majani, husimama mtupu, na mwezi wa tisa au wa kumi hutoa maua ya njano kabla majani mapya hayajatoka vizuri. Kambiamu yake imelala muda wote huo wa ukavu. Ikiamka na mvua, hutengeneza kwanza mishipa mipana ya kupitishia maji, ile inayoonekana kwenye mbao kama vitundu vidogo. Kadiri msimu unavyoelekea mwisho, mishipa hupungua upana, na mpaka wa mwaka huchorwa na ufito mwembamba wa seli laini unaoitwa parenkima, wenye rangi hafifu kuliko mbao zinazouzunguka. Huo ufito ndio pete uliyoihesabu.

Wala hili si jambo lililogunduliwa juzi. Mwaka 1931 Berlage alichapisha mfululizo wa pete za mtiki wa kisiwa cha Java uliorudi nyuma hadi mwaka 1514, na Java iko karibu na ikweta kama sisi. Mtiki wa mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro ni mti huohuo, na pete zake huonekana kwa macho matupu kwenye ubao uliopigwa randa.

Kwa miombo yetu kazi nzuri imefanywa upande wa kusini. Mwaka 1999 David Stahle na wenzake walionyesha kwamba mninga wa Zimbabwe hutoa pete za mwaka, na mwaka 2006 kikundi cha Matthew Therrell kikatumia miti ya aina hiyohiyo kukadiria mvua za magharibi ya nchi hiyo kuanzia mwaka 1796 hadi 1996. Valerie Trouet na wenzake wamesoma pete za mtundu, jirani yake mninga katika misitu yenu, na wakakuta mvua za katikati ya msimu, Desemba hadi Februari, ndizo zenye athari kubwa zaidi kwa upana wa pete kuliko za miezi mingine. Walikuta pia kwamba mtundu ukizeeka, pete zenye kasoro huongezeka na hesabu huwa ngumu kuaminika. Mifululizo yao ilikuwa ya kati ya miaka 43 na 149.

Mwalimu wako lakini angekuwa na haki kama mngekuwa mnaishi kwingine. Kwenye misitu ya mvua ya Kongo, ambako unyevu hauishi, miti mingi haina pete zinazoaminika. Na panapokuwa na misimu miwili, masika na vuli, kama nyanda za juu za Kenya au milima ya Usambara, mti mmoja unaweza kutoa pete mbili kwa mwaka, au moja na nusu isiyoeleweka, au kuruka msimu uliokuwa dhaifu. Mtarakwa wa Kenya, mti wa milimani wa jamii ya mwerezi, umewasumbua wengi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama mti fulani una pete za mwaka, muulize kwanza umeota wapi. Na mbuyu usiuhesabu kabisa: pete zake ni hafifu, shina mara nyingi lina uwazi ndani, na umri wake hupimwa kwa kaboni katika maabara.

Pengine utauliza, watu walijuaje kwamba pete moja ni mwaka mmoja, wakati hakuna aliyekuwepo mti ulipokuwa mchanga? Njia moja aliieneza Mfaransa Alain Mariaux katika miaka ya 1960. Unalijeruhi gome kidogo tarehe unayoijua, kambiamu ya hapo inaacha kovu ndani ya mbao, na baada ya miaka kadhaa unakata na kuhesabu pete zilizozaliwa juu ya kovu. Njia ya pili ililetwa na jambo baya: majaribio ya mabomu ya nyuklia hewani, ambayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalijaza anga kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, nyingi kupita kawaida. Kila mti uliokuwa hai duniani uliinywa. Pete unayodhani ni ya mwaka 1964 ikikutwa haina ongezeko hilo, hesabu yako ina kosa, na hakuna ubishi.

Sasa turudi kwenye kisiki chako na zile 71 na 66. Zote mbili zinaweza kuwa zimehesabiwa vizuri. Mwaka wa dhiki, kambiamu inaweza kufanya kazi upande mmoja wa shina na kulala upande mwingine, na pete ikawa kama mwezi mwandamo: nene huku, inakwenda ikikonda hadi inamezwa na jirani yake. Upande wa pili hutaiona kabisa. Kuna pia pete za uongo. Mvua ikianza vizuri Novemba, ikakatika wiki kadhaa Januari, kisha ikarudi, mti unaweza kuchora ufito katikati ya msimu. Pete ya uongo kwa kawaida haizunguki shina lote kwa uwazi, na kingo zake zina ukungu kuliko za pete ya kweli. Kwa hiyo usichukue wastani wa 66 na 71. Fuata kila pete kwa kidole au kwa penseli kuzunguka shina zima, uone ipi inapotea wapi. Ukimaliza utakuwa na idadi moja, na utajua imetokana na nini.

Ushuhuda wa babu unaafikiana vizuri na ulichohesabu. Ukitoa miaka iliyopita tangu 1974, shina lilikuwa na pete kati ya 15 na 20 walipofika. Unasema pete za ndani ni pana. Zikiwa za milimita 5 kila moja, mti ungekuwa na kipenyo cha sentimita 15 hadi 20 wakati huo. Hicho ni kivuli tosha cha kupumzikia.

Ila tambua kwamba hizo pete ni umri wa shina, si umri wa mti wote. Mche wa mninga una tabia ya pekee. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo chipukizi hukauka kila kiangazi au huunguzwa na moto, huku mzizi chini ukiendelea kunenepa na kuweka akiba. Siku moja mzizi ukiwa na nguvu za kutosha, chipukizi moja hupanda kwa kasi na kuvuka urefu wa miale ya moto wa nyasi. Kisiki chako kinaanza kuhesabu kuanzia hapo. Miaka ya chini ya ardhi haimo, na ukihesabu kwenye gogo lililokatwa mita moja juu, unapoteza mingine zaidi.

Nimefika kwenye mvua. Pete za ndani pana, za nje nyembamba: karibu kila mti unaokulia mahali penye mwanga huwa hivyo, mvua ziwe nyingi au chache. Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme mti unaongeza kila mwaka eneo lilelile la mbao kwenye mkato wake, sentimita za mraba 20. Ukiwa na nusu kipenyo cha sentimita 5, eneo hilo linatandazwa kwenye mzingo mfupi, na pete inakuwa na upana wa karibu milimita 6. Ukifikia nusu kipenyo cha sentimita 20, mbao zilezile zinazungushwa kwenye mzingo mara nne, na pete inabaki milimita 1.6 hivi. Mti haukupungukiwa chochote, umenenepa tu. Kabla mtafiti hajasema neno lolote kuhusu hali ya hewa, huondoa kwanza mteremko huu wa umri kwa hesabu, kisha huangalia kilichobaki: mwaka upi ulizidi matarajio na upi ulipungua.

Na hata kilichobaki si mvua peke yake. Wewe unakausha tumbaku, unajua kuni zinakotoka. Miti ya jirani ikikatwa, uliobaki hupata mwanga na maji ambayo ulikuwa unagombania, na kwa miaka kadhaa pete zake hupanuka hata kama mvua imekuwa haba. Mtu asiyejua habari ya bani la tumbaku, yaani banda la kuikaushia kwa kuni, ataandika "miaka ya neema". Kinyume chake, moto mkali wa mwezi wa tisa, wadudu waliokula majani yote, au gome lililochunwa upande mmoja kutengenezea mzinga huacha pete nyembamba mwaka ambao mawingu hayakuwa na hatia. Ndiyo maana kwa historia ya misitu napenda kukaa na wazee na pete kwa pamoja. Babu anaweza kukumbuka ni lini eneo lile lilifyekwa, na jambo hilo halimo kwenye rekodi yoyote ya mvua.

Mti mmoja, basi, hautoshi, hata ukiwa mzuri namna gani. Aliyeonyesha njia ni Andrew Ellicott Douglass, mwanaastronomia aliyefanya kazi Arizona mwanzoni mwa karne ya 20. Alikuwa akitafuta athari za mzunguko wa madoa ya jua, akagundua kwamba miti iliyo mbalimbali katika eneo moja ina mfuatano uleule wa pete nyembamba na pana: nyembamba, mbili pana, nyembamba sana, moja ya kawaida. Kilichokuwa kinaipiga miti yote kwa pamoja ni hali ya hewa. Kilichompata mti mmoja hakikuonekana kwa wengine. Kwa kulinganisha mifuatano hiyo aliweza kutambua pete iliyokosekana au ya uongo, na kufikia mwaka 1929 aliunganisha miti hai na maboriti ya nyumba za kale za Wapueblo, wenyeji asilia wa eneo hilo, hadi akajua miaka zilipojengwa. Kazi ya kulinganisha ndiyo moyo wa elimu hii. Kuhesabu ni hatua ya kwanza tu.

Hata baada ya kazi yote hiyo, tuwe wakweli kuhusu kinachopatikana. Ule mfululizo wa Zimbabwe ulieleza karibu nusu tu ya mabadiliko ya mvua kutoka mwaka hadi mwaka. Pete hutambua ukame vizuri kuliko mafuriko, maana mti ukishashiba maji, mvua ya ziada haiuongezei kitu. Tabora ina ugumu wake wa nyongeza. El Niño kwa kawaida huongeza mvua za vuli upande wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na huleta ukame kusini mwa Afrika. Nyinyi mko karibu na mpaka wa tabia hizo mbili, hivyo usitegemee kila mwaka wa El Niño uonekane wazi kwenye miti yenu.

Kuhusu kutoboa: nakushauri usitoboe. Kifaa kipo, ni kekee nyembamba yenye uwazi katikati, inayotoa kijiti cha mbao chembamba kuliko penseli. Msonobari wa Ulaya hutobolewa hivyo bila shida kubwa. Mbao za miombo ni ngumu, kekee hukwama au kukatikia ndani, na inagharimu fedha nyingi. Jeraha nalo si dogo kwa mti. Mninga hutoa ule utomvu mwekundu kama damu kuziba tundu, lakini kuvu na wadudu wanaweza kuingia kabla haujaziba, nawe usione kitu hadi kiini kioze. Zaidi ya hayo, kijiti kinakupa mstari mmoja tu, na umeshaona mstari mmoja ulivyoweza kukunyima pete tano. Kwa miti kama hii tunataka duara zima.

Nawe duara unalo tayari. Kata kipande cha unene wa sentimita 5 hivi kutoka sehemu ya chini ya gogo iliyo nzima, gome likiwepo, maana pete ya mwisho iko chini yake. Kianike kivulini polepole. Kikikaushwa juani kitapasuka. Kisha kipige msasa, uanze na wenye chembe kubwa na kumaliza na laini kabisa, namba 400 au zaidi, hadi uso ung'ae na vitundu vya mishipa vionekane kimoja kimoja. Usiache hatua hii njiani. Nimeona watu wakibishana juu ya pete ambazo msasa wa dakika 20 zaidi ungezimaliza. Tumia kioo cha kukuzia, chora mistari mitatu au minne kutoka kiini hadi gome, na uweke nukta moja kila pete ya kumi, mbili kwenye ya 50. Kumbuka mti ulianguka mvua zikiendelea, kwa hiyo pete ya nje kabisa haijakamilika. Na kwa kuwa msimu wenu unavuka mwaka mpya, pete hupewa mwaka ambao msimu ulianza: ya Novemba 2010 hadi Aprili 2011 ni ya 2010.

Halafu tafuta visiki vingine vya mninga au mtundu vilivyovunwa kwa kibali jirani na hapo, na wenyewe wakiridhia, vipige msasa palepale vilipo. Ukipata kumi vyenye miaka myembamba inayolingana, una kitu cha kulinganisha na rekodi za mvua za kituo cha Tabora, ambazo unaweza kuziomba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Miti iliyosimama ipime kwa futi ya fundi cherehani. Piga alama ya rangi mita 1.3 kutoka ardhini, pima mzingo hapohapo kila mwaka mwezi uleule wa kiangazi, andika kwenye daftari pamoja na mvua, moto, ukataji na mavuno ya asali. Usipime mvua zikiwa zimeanza, kwa sababu shina hujaa maji na kuvimba kidogo, ukadhani limekua. Daftari hilo litakuonyesha pia jambo ambalo kisiki kimeshakuambia: sentimita 40 zimechukua karibu miaka 70 ya shina, mbali na ile ya mzizi. Wastani ni chini ya milimita 3 za nusu kipenyo kwa mwaka. Anayevuna mninga kwa ratiba ya msindano wa shamba la miti la Sao Hill, unaokatwa kabla ya kufikisha miaka 30, anamaliza msitu ambao wajukuu zake hawataukuta. Hilo linaniuma, na ningependa kamati yenu ya mazingira ya kijiji ikione kisiki chako kabla hakijaliwa na mchwa.

Mambo mawili usiyafanye peke yako. La kwanza ni kukata zaidi au kusafirisha kipande chochote cha mninga nje ya kijiji. Nenda ofisi ya misitu ya wilaya kwanza, hata kama mti ulikuwa shambani kwako na uliangushwa na upepo; ukisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, maelezo kwamba ni ya utafiti hayatakusaidia bila karatasi. La pili ni mgogoro. Umesema mti ulikuwa mpakani. Kama kuna anayetaka umri wake utumike kuamua ardhi ni ya nani, hesabu yako ya kisiki haitoshi mbele ya baraza, na yangu ya mbali haitoshi zaidi. Hapo anahitajika mtaalamu afike, achukue sampuli mwenyewe na kuilinganisha na miti mingine, pengine na kipimo cha kaboni ambacho ni ghali na hufanyika katika maabara maalumu. Anzia Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania (TAFORI) au idara za misitu za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, zote ziko Morogoro. Wapelekee picha za duara lililopigwa msasa zikiwa na rula pembeni, tarehe mti ulipoanguka, na maneno ya babu kama alivyoyasema. Kipande chenyewe kihifadhi juu ya dari au mahali pakavu hadi watakapojibu.